Kununua Mafuta ya Uso: Kusoma Upande wa Nyuma wa Kopo

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Kasumulu na vijiji vya Kyela. Mwanafunzi asome polepole baada ya kusikiliza. Maneno ya herufi kubwa yaandikwe ubaoni.)

  

Juma lililopita niliwaomba kila mmoja aje na kopo moja la mafuta ya kupaka, lolote lililopo nyumbani, jipya au lililokwisha. Liwekeni mezani mbele yenu. Leo kopo hilo ndilo kitabu chetu cha kusoma. Mwalimu, tafadhali hakikisha ya kuwa kila mwanafunzi ana daftari na penseli. Wale ambao macho yao ni mazito waazime miwani, maana herufi tutakazosoma ni ndogo kama mbegu za ulezi.

Somo hili limetoka katika barua. Barua yenyewe imeandikwa kwa penseli, na mwandishi asema ni barua ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Sitataja jina lake wala kijiji chake. Ni mama wa miaka 48. Mwanawe ataoa baada ya mavuno. Mama huyu aliuza magunia ya mpunga, akatenga shilingi 40,000 kwa ajili yake mwenyewe, jambo ambalo asema hajapata kulifanya tangu aolewe. Ataka mafuta ya kuondoa makunyanzi ya uso ili siku ya harusi asionekane mzee.

Basi alikwenda sokoni hapa mpakani. Mnalijua soko letu: huku wabadilisha fedha na kwacha zao mkononi, huku malori yanangoja kuvuka daraja la Songwe kwenda Malawi, na katikati meza za vipodozi juani. Kijana wa mezani alimsalimu, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Kijana akasema, "Mama, ukipaka hii siku saba, wageni wa harusi watauliza bibi harusi ni yupi kati yenu wawili." Mama alicheka, lakini hakununua. Alitoa penseli yake, akanakili maneno ya kopo lile herufi kwa herufi. Kisha akaenda kwenye duka jingine, akanakili maneno ya dawa ya bomba. Kisha akaenda Kyela mjini, akanakili kopo la tatu, la bei kubwa. Karatasi hizo tatu akazitia katika bahasha pamoja na swali moja: ninunue lipi?

Nawaambia kweli, nilifurahi sana kuiona ile karatasi. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza, hakuyajua maana, lakini hakukosea hata herufi moja.

Kabla ya kufungua karatasi zake, sharti tujue kwanza makunyanzi ni kitu gani.

Fikirini kitanda cha kamba. Kikiwa kipya kamba zimekaza, na mkeka juu yake umenyooka. Baada ya miaka kamba hulegea, zingine hukatika, na mkeka hujikunja katikati. Ngozi ya binadamu nayo ina nyuzi ndani yake, chini ya ile ngozi ya juu tunayoiona. Nyuzi hizo huitwa kolajeni. Mtu akiwa kijana mwili hutengeneza nyuzi mpya kwa wingi. Akizeeka hutengeneza chache, na zile za zamani hukatika. Hapo ngozi ya juu hujikunja. Hayo ndiyo makunyanzi ya kweli. Mkipaka mafuta juu ya mkeka, je, kamba za chini zitakaza? Hazitakaza. Na kopo likiandikwa COLLAGEN kwa herufi za dhahabu, jueni ya kuwa chembe za kolajeni ni kubwa mno kupita katika ngozi nzima. Zinabaki juu, na jioni mnazinawa.

Lakini iko mistari ya namna ya pili. Tope la jaruba likikauka hupasuka mistari midogo midogo. Maji yakirudi, mistari hupotea. Ngozi kavu nayo ni hivyo hivyo, hasa mwezi wa 6 na wa 7 upepo unapovuma. Mistari hii midogo mafuta ya kawaida huiondoa mara moja, kwa kuwa yanazuia maji ya ngozi yasitoke. Ndiyo sababu karibu kila mafuta duniani yaweza kujisifu ya kuwa yamepunguza makunyanzi. Yamefunga nyufa za jaruba. Kamba za kitanda hazikuguswa.

Sasa tufungue karatasi ya kwanza, ya lile kopo la siku saba.

Upande wa mbele mama amenakili maneno mengi ya sifa. Tuyaache. Upande wa nyuma hakuna jina la kiwanda. Hakuna nchi. Hakuna orodha ya vitu vilivyomo. Hakuna tarehe. Iko sentensi moja tu ya onyo, ambayo kwa Kiswahili yasema: mafuta haya yasiguse dhahabu, fedha, alumini wala mpira. Na mama ameandika pembeni kwa penseli: "Kwa nini?"

Swali zuri kuliko yote ya mwaka huu! Kwa nini mafuta ya uso yaogope pete ya dhahabu?

Wale mliopata kufika Chunya, katika mkoa wetu huu wa Mbeya, mmewaona wachimbaji wadogo. Mchimbaji huchukua mchanga wenye dhahabu, huuchanganya na zebaki, yaani ile madini inayong'aa na kutiririka kama maji. Zebaki huikamata dhahabu, vikawa donge moja. Kisha huchoma donge, zebaki hupanda kama mvuke, dhahabu hubaki. Zebaki haiwezi kuona dhahabu, fedha wala alumini ikaiacha salama. Basi mtengenezaji anayejua ya kuwa ametia zebaki katika mafuta yake, anajua pia ya kuwa pete ya mnunuzi itaharibika, na mnunuzi atarudi na ugomvi. Kwa hiyo anaonya juu ya pete. Juu ya figo za mnunuzi hasemi neno. Wataalamu wa afya huwaambia watu kabisa: mkiona onyo la namna hii katika mafuta ya ngozi, yaweza kuwa na zebaki hata kama neno zebaki halikuandikwa.

Mtauliza, zebaki yafanya nini usoni? Huzuia ngozi isitengeneze rangi yake nyeusi. Madoa hufifia, uso huwa mweupe na kung'aa, na mtu hudhani amerudi ujana. Kwa sababu hiyo mafuta haya huuzwa kwa majina mengi: ya kung'arisha, ya kuondoa madoa, na ya kuondoa makunyanzi pia. Ni ndugu wa ule mkorogo mnaoujua. Lakini zebaki haikai usoni. Hupita katika ngozi, huingia damuni, huharibu figo na mishipa ya fahamu. Mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni. Na madhara yake hayaishii kwa mpakaji. Mwaka 2010, katika majimbo ya California na Virginia huko Marekani, waganga walipima watu wa nyumba zilizotumia mafuta yenye zebaki yaliyotoka nchi ya jirani. Walikuta zebaki hata katika miili ya watu wa nyumba wasiopaka. Taulo moja, shuka moja, mkono wa mama unaomshika mtoto: inatosha.

Basi andikeni maneno haya ubaoni, kila moja mstari wake. MERCURY. MERCURIC IODIDE. AMMONIATED MERCURY. CALOMEL. Na herufi mbili, kubwa na ndogo: Hg. Yote ni zebaki katika nguo mbalimbali. Someni kwa sauti, mara tatu. Mwalimu, wape nafasi.

Chini yake ongezeni neno refu: HYDROQUINONE. Tunalitamka haidrokwinoni. Hii nayo hufifisha rangi ya ngozi. Huko Afrika Kusini wanawake waliitumia kwa miaka mingi, na mwaka 1975 daktari wa ngozi aliandika habari za jambo la kushangaza: waliokuwa wakitafuta weupe walipata madoa meusi yenye rangi ya buluu mashavuni, magumu, yasiyotoka. Mwaka 1990 serikali ya huko ikaipiga marufuku katika vipodozi. Hapa Tanzania pia, zebaki na haidrokwinoni zimekatazwa katika vipodozi. Kazi ya ukaguzi ilikuwa ya TFDA tangu mwaka 2003. Tangu mwaka 2019 imehamishiwa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Mtu atasema, kama vimekatazwa mbona viko mezani? Ninyi wa Kasumulu hamhitaji mwalimu wa redio kuwaeleza habari za njia za panya. Mto Songwe ni mrefu, na kopo ni dogo.

Karatasi ya pili. Hii ni dawa ya bomba, bei rahisi, shilingi 3,000. Mama amenakili hivi: CLOBETASOL PROPIONATE 0.05%. Muuzaji alimwambia hulainisha uso kwa siku tatu. Na hapo, ndugu zangu, muuzaji hakusema uongo. Hulainisha kweli. Hiyo ndiyo hatari yake.

Klobetasoli ni dawa ya hospitali, kali sana, ya kutuliza ngozi iliyowaka kwa ugonjwa. Daktari huitoa kwa siku chache, sehemu ndogo, na kwa kawaida si usoni. Dada yake ni BETAMETHASONE. Andikeni yote mawili. Mtu mzima akipaka usoni bila ugonjwa, siku za kwanza uso huwa laini na mweupe kidogo. Miezi ikipita ngozi huwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mishipa ya damu huonekana. Chunusi hutoka, nywele huota mahali pasipotakiwa. Na zile kamba za kitanda? Dawa hii huzipunguza. Maana yake ni kwamba mtu aliyenunua dawa ya makunyanzi amenunua makunyanzi. Akiiacha ghafula uso huwaka moto, basi huirudia, na muuzaji amepata mteja wa kudumu.

Aliyekwisha kuipaka kwa miezi mingi asiitupe leo kwa hofu. Aende zahanati na bomba lake mkononi, amwonyeshe mganga, naye atamwambia jinsi ya kuipunguza. Asione haya. Lakini kopo la zebaki ni jambo jingine: hilo aache leo leo, alifunge katika mfuko, asilitupe ziwani wala shimoni, alipeleke kwa bwana au bibi afya pamoja na maelezo yake.

Sasa karatasi ya tatu, ya kopo la Kyela mjini. Hili lina jina la kiwanda na nchi. Lina tarehe mbili. Pale palipoandikwa MFG au MFD ni tarehe ya kutengenezwa. EXP ni tarehe ya mwisho wa kutumia. Angalieni makopo yenu kama zipo. Lina pia picha ndogo ya kopo lililofunguliwa, ndani yake 12M. Maana yake, baada ya kulifungua mtumie kwa miezi 12, isizidi.

Na lina orodha. Juu ya orodha huandikwa INGREDIENTS, yaani vitu vilivyomo. Hapa iko sheria moja yenye faida kubwa kwa mnunuzi, na wengi hawaijui. Vitu havipangwi ovyo. Kilicho kingi hutajwa kwanza, kinachofuata kwa wingi hutajwa pili, na hivyo hivyo mpaka vile vidogo kabisa vya mwisho. Basi kopo la mama, neno la kwanza ni AQUA. Nani ajua AQUA? Ni neno la Kilatini. Maana yake ni maji.

Ndiyo, maji. Someni makopo yenu, na wengi mtalikuta hapo mwanzo, kama si AQUA basi WATER. Si kosa, losheni haiwezi kufanyika bila maji. Lakini nataka mjue mnachonunua. La pili ni GLYCERIN, glisirini, ambayo huvuta maji yakae katika ngozi. Ni kitu kizuri na rahisi. Mwishoni kabisa, karibu na manukato, mama amenakili RETINOL. Na neno hilo ndilo lililoandikwa mbele kwa herufi kubwa kuliko zote! Mbele ni la kwanza, nyuma ni la mwisho.

Tusilidharau hata hivyo. Retinoli ni jamaa ya vitamini A, na katika jamaa hiyo ndimo ilimo dawa iliyothibitishwa ya makunyanzi. Mwaka 1986 daktari Albert Kligman wa Marekani na wenzake waliandika ya kuwa dawa iitwayo tretinoini, iliyokuwa ikitumika kwa chunusi, hurekebisha kwa kiasi ngozi iliyoharibiwa na jua. Mwaka 1995 serikali ya huko iliikubali rasmi kwa kazi hiyo. Basi ipo dawa inayofika kwenye kamba za kitanda. Lakini sikilizeni masharti yake. Huchukua miezi, si siku saba. Hupunguza makunyanzi madogo, haiyaondoi yote. Mwanzo ngozi huwasha na kubambuka. Huifanya ngozi iogope jua. Na mwenye mimba, au anayetazamia kupata mimba, asiiguse. Tretinoini ni dawa ya daktari. Retinoli ya kopo ni dhaifu kuliko hiyo. Tena retinoli huharibiwa na mwanga, hewa na joto. Kopo lililokaa mezani juani Kasumulu tangu asubuhi mpaka jioni, mwezi mzima, hata kama lilikuwa na retinoli, sasa lina jina lake tu.

Iko sentensi nyingine katika karatasi hii ya tatu, mbele ya kopo. Kwa Kiswahili yasema: hupunguza mwonekano wa makunyanzi. Someni tena. Haikusema hupunguza makunyanzi. Yasema MWONEKANO wa makunyanzi. Neno moja tu! Aliyeliweka hapo ni mtu mwenye elimu, na huenda alikaa na mwanasheria wake siku nzima. Katika nchi nyingi kipodozi hakiruhusiwi kujidai kuwa dawa. Kikisema kinabadili kazi ya mwili, serikali hukiuliza: una ushahidi? Basi husema mwonekano, na mwonekano hubadilika hata kwa nta.

Sasa hesabu kidogo. Kopo hili ni shilingi 35,000, na chini yake imeandikwa 50 ml. Msidanganywe na sanduku. Sanduku ni kubwa kama ngumi mbili na kopo lina kitako kinene cha kioo. Someni namba. 35,000 gawanya kwa 50, kila mililita moja ni shilingi 700. Sasa tuchukue mafuta ya mgando ya kawaida, yale ambayo orodha yake ina neno moja tu, PETROLATUM. Tuseme kopo la gramu 250 ni shilingi 5,000. Gawanyeni. Gramu moja ni shilingi 20. Mililita na gramu hapa zinakaribiana, kwa hiyo twaweza kulinganisha: moja ni ghali mara 35 kuliko nyingine. Mafuta haya ya mgando alipewa hati ya uvumbuzi Robert Chesebrough huko Marekani mwaka 1872, naye aliyaita Vaseline. Katika kazi ya kuzuia maji yasitoke katika ngozi, yaani kufunga nyufa za jaruba, vichache sana vinayashinda mpaka leo.

Sijafika bado kwenye jambo ambalo kama mama angeniuliza mapema, ningemwambia kabla ya makopo yote. Ni jua.

Mwaka 2012 waganga wa Marekani walichapa picha ya mzee wa miaka 69 katika jarida lao. Alikuwa dereva wa lori la kupeleka mizigo kwa miaka 28. Upande wa kulia uso wake ulikuwa wa mtu wa umri wake. Upande wa kushoto makunyanzi yalikuwa makubwa na mazito, kama ni mtu mwingine, baba yake. Sababu ilikuwa nini? Kwao dereva huketi kushoto, dirisha liko upande huo. Kioo huzuia jua lile linalounguza, lakini hupitisha jua la namna nyingine lisilounguza, ambalo huzama ndani na kukata zile nyuzi. Madereva mnaosikiliza katika foleni pale mpakani, kwetu dirisha lenu liko kulia. Jitazameni katika kioo cha lori, mashavu yote mawili.

Ngozi nyeusi ina kinga yake. Rangi yetu huzuia sehemu kubwa ya jua, ndiyo sababu makunyanzi hutujia nyuma kuliko Wazungu. Oneni basi upumbavu wa ile biashara ya kopo la kwanza: mtu anaogopa makunyanzi, naye ananunua kitu cha kubomoa ukuta unaozuia makunyanzi! Lakini kinga si kamili, hasa kwa mvuvi anayepigwa na jua juu na mng'ao wa ziwa chini, na kwa mpandaji wa mpunga aliyeinama majini tangu alfajiri. Kofia pana yenye ukingo, kanga kichwani iliyoshuka usoni, kivuli saa za mchana. Na sigara, waacheni vijana wenu waisikie hii: moshi nao hukata nyuzi zile zile.

Yako pia mafuta ya kukinga jua, yaliyoandikwa SPF na namba, na yafaa yaandikwe vilevile BROAD SPECTRUM, yaani huzuia jua la namna zote mbili. Je, yanasaidia makunyanzi? Huko Australia watu 903 waligawanywa, wengine waliambiwa wapake kila siku, wengine wapake wapendavyo. Baada ya miaka minne na nusu, habari iliyochapwa mwaka 2013 ilisema ya kuwa ngozi za waliopaka kila siku zilichakaa pungufu kwa asilimia 24. Hao wengi wao walikuwa watu weupe, kwa hiyo tusiichukue hesabu hiyo nzima nzima. Lakini kwa ndugu zetu wenye ualbino mafuta haya si urembo hata kidogo. Ni kinga ya saratani. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, yametengenezwa mafuta ya jua yaitwayo Kilisun kwa ajili yao. Mwenye mtoto wa namna hiyo aulize zahanati.

Sasa nimjibu mama wa barua.

Mama, kopo la kwanza usilinunue, wala usimpe mtu mwingine zawadi. Ukipata nafasi, waonyeshe maofisa wa TBS hapo mpakani ile karatasi yako. Umenakili vizuri kuliko karani. Bomba la pili ni dawa ya hospitali na wewe huna ugonjwa. Kopo la tatu halina sumu katika orodha yake, si wizi, lakini harusi ni baada ya mavuno, na retinoli yake iko mwisho wa foleni. Halitafanya kazi uliyoitarajia kwa muda huo. Kama unalitaka kwa sababu lina harufu nzuri na hujapata kujinunulia kitu miaka thelathini, hiyo ni haki yako, na fedha ni jasho lako. Mimi ningechukua mafuta ya mgando ya shilingi 5,000, nikayapaka usiku baada ya kunawa, uso ungali na unyevu kidogo, na kofia pana ya kuvalia shambani. Mistari midogo itafunga kabla ya siku kumi. Ile mikubwa kando ya macho itakuwapo siku ya harusi. Zinabaki shilingi zaidi ya 25,000, na kitenge kipya kinapatikana kwa hizo.

Kazi ya darasa kwa juma hili. Kwanza, geuzeni makopo mliyoleta, mwandike katika daftari maneno matatu ya kwanza ya orodha na la mwisho. Pili, tafuteni EXP. Kama imepita, andikeni imepita kwa miezi mingapi. Tatu, gawanyeni bei kwa gramu au mililita, kisha mlinganishe na kopo la jirani. Nne, kama kopo lenu halina orodha kabisa, msilipake usiku wa leo. Mpeni mwalimu aliweke kando, na mniandikie maneno yake yote, herufi kwa herufi, kama alivyofanya mama huyu. Nitayasoma hapa hapa juma lijalo, saa hii hii.